Kufuatilia mafuta na protini zake kwenye mbegu inayoota: mambo ya kujua kabla ya kuingia maabara

Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya ufuta ni mafuta. Mafuta hayo hayakai ovyo ndani ya seli. Yamefungwa kwenye vitone vidogo, vingi vikiwa na kipenyo cha kati ya mikromita 0.5 na 2. Katikati ya kila kitone kuna triasiligliseroli, yaani mafuta yenyewe ya akiba, nje kuna tabaka moja la fosfolipidi, na juu ya tabaka hilo zimejipanga protini zinazoitwa oleosini. Sehemu ya katikati ya oleosini, yenye asidi amino takribani 72, haipendi maji kabisa. Imejikunja kama pini ya nywele na kuchomekwa ndani ya mafuta, huku ncha mbili za protini zikilala juu ya uso wa kitone. Ndiyo maana vitone havigandamani hata mbegu ikikaushwa na kukaa ghalani msimu mzima.

Mbegu ikilowa, hesabu inabadilika. Mche bado haujaweza kujitengenezea chakula kwa mwanga, kwa hiyo lazima ule akiba. Kimeng'enya kiitwacho SDP1 huanza kukata triasiligliseroli, asidi za mafuta huingia kwenye peroksisomu, chumba kidogo ndani ya seli, hukatwakatwa kaboni mbili mbili, kisha mzunguko wa glaioksileti hugeuza vipande hivyo viwe malighafi ya sukari. Mzunguko huo ulielezwa mwaka 1957 na Hans Kornberg na Hans Krebs, na mwaka huohuo Kornberg pamoja na Harry Beevers wakaonyesha kwamba mbegu ya mbarika inautumia. Miaka kumi baadaye, 1967, Breidenbach na Beevers waliipa jina la glaioksisomu ile peroksisomu maalumu waliyoitenga kutoka kwenye endospemu, yaani ghala la chakula la mbegu, ya mbarika.

Lakini kitone kimefunikwa na oleosini, na hizo nazo huondolewa. Hufungwa ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76 ambayo seli huitumia kuweka alama kwenye kinachotakiwa kuvunjwa, kisha hung'olewa kwenye mafuta na kupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kukatakata protini. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwenye arabidopsisi, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, kwamba kazi ya kung'oa inafanywa na mashine ya CDC48 ikisaidiwa na protini ya PUX10. Mmea usio na PUX10 hubaki na oleosini zenye ubikwitini kwenye vitone vyake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kwa hiyo anayesoma kuvunjwa kwa mafuta anasoma pia kuvunjwa kwa protini, apende asipende. Nimeishi na mambo haya mawili kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo mmoja: matokeo mengi mabaya katika kazi hii hayaanzii kwenye mashine wala kwenye takwimu. Yanaanzia kwenye dakika chache kati ya kung'oa mche na kuua vimeng'enya vyake. Mche uliopondwa haujafa. Umechanganyika tu, na kila kimeng'enya kilichokuwa kwenye chumba chake sasa kinakutana na kila kitu.

Mbegu gani?

Arabidopsisi ina faida ya kijenetiki isiyo na mpinzani: unaweza kuagiza mbegu za mmea uliovunjwa jeni ya SDP1, PUX10, au karibu jeni yoyote utakayo. Tatizo ni udogo wake. Mbegu moja ina uzito wa mikrogramu 20 hivi, na theluthi yake ndiyo mafuta, yaani mikrogramu 6 au 7. Mbegu moja ya ufuta ina uzito wa karibu miligramu 3, na mafuta yake, miligramu 1.5, ni zaidi ya mara 200 ya yale ya arabidopsisi. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, Morogoro au Nairobi asiye na mizani ya mikrogramu wala chumba maalumu cha kuoteshea, ufuta ni chaguo la busara kwa kazi ya kemia. Unapatikana sokoni, hasa ule wa Lindi na Mtwara, na oleosini zake zimechunguzwa vizuri: mbili kubwa zina uzito wa kilodaltoni 15 na 17, na oleosini ya ufuta pia imeonekana ikifungwa ubikwitini baada ya mbegu kuota.

Usinunue ufuta uliokobolewa au uliokaangwa, bali ule wa kupanda. Kabla ya jaribio lolote otesha mbegu 100 kwenye karatasi yenye unyevu kwa nyuzi 28 hadi 30. Zikiota chini ya 90, tafuta mfuko mwingine. Mbegu zinazoota kwa kupishana siku nzima zitakupa wastani usiowakilisha mche wowote.

Mbarika nayo ni nzuri kwa sababu endospemu yake ni kubwa, lakini ina risini, ambayo ni sumu kali. Usiipe kazi hiyo maabara ya wanafunzi wanaoanza.

Sukari kwenye chakula cha miche

Watu wengi huotesha arabidopsisi kwenye agari yenye nusu ya kipimo cha madini ya Murashige na Skoog pamoja na sukari asilimia 1, kwa mazoea tu. Kwa kazi ya mafuta, sukari hiyo si jambo dogo. Mche unaopewa sukari kutoka nje hupunguza kasi ya kutumia mafuta yake. Ukilinganisha matokeo yako na ya mtu aliyeotesha bila sukari, mnalinganisha hali mbili tofauti.

Kwa upande mwingine, mimea iliyovunjwa jeni za kutumia mafuta, kama SDP1, huchipua kisha ikakwama bila sukari. Kwa hiyo panda sahani mbili kila mara, moja yenye sukari na nyingine isiyo nayo. Tofauti kati yake ni jaribio lenyewe: mmea unaokua vizuri kwenye sukari na kudumaa pasipo sukari una tatizo la kula akiba. Unaodumaa kote kuwili una tatizo jingine, na usiupotezee kemikali za bei.

Kuna jaribio jingine la rula tu. Kiuagugu cha 2,4-DB hakina ukali mkubwa mpaka peroksisomu ikikate na kukigeuza kuwa 2,4-D. Mche wenye peroksisomu nzima, ukipandwa penye 2,4-DB kidogo, mikromola 1 hivi, mzizi wake hudumaa. Mche usioweza kukata asidi za mafuta hurefusha mzizi bila shida. Tafuta kiwango chako mwenyewe kwa kupanda mfululizo wa sahani, kwa sababu unyeti hubadilika kulingana na agari na mwanga.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako zote.

Jambo la kwanza: hesabu miche, usipime uzito mbichi. Mbegu ikilowa hunywa maji, kisha mche hukua. Uzito mbichi wa siku ya tatu ni mara nyingi ya uzito wa mbegu kavu. Ukiandika mafuta kwa kila gramu ya uzito mbichi, grafu itaporomoka vizuri hata kama hakuna tone la mafuta lililotumika. Andika kwa kila mche. Kwa ufuta weka miche 5 kwenye kila tyubu, kwa arabidopsisi 20 hadi 50, na andaa tyubu zisizopungua nne kwa kila saa ya kuchukua sampuli, kila moja ikitoka kwenye sahani yake.

Jambo la pili: gawa miche kuanzia mwanzo, tyubu za mafuta mbali na tyubu za protini, kutoka sahani ileile na saa ileile. Ipo njia ya klorofomu na methanoli inayotenganisha protini na mafuta kutoka sampuli moja, na kwa protini za kawaida inafanya kazi. Oleosini si protini ya kawaida. Hupenda kukaa mpakani kati ya tabaka mbili, na ukinyonya vibaya unaondoka nayo bila kujua. Tyubu mbili ni salama zaidi.

Jambo la tatu ndilo lenye gharama kubwa likikosewa: ua vimeng'enya kabla ya kuponda. Tishu za mimea zina fosfolipase D, na kimeng'enya hicho huanza kazi mara tu seli inapopasuka, hata kwenye barafu. Hukata fosfolipidi za utando na kuacha asidi ya fosfatidiki, na lipase nazo humwaga asidi huru za mafuta. Ukiona bendi nzito ya asidi huru kwenye sampuli ya mche mbichi wenye afya, usikimbilie kuandika kwamba umegundua kitu. Mara nyingi umejipimia uzembe wa maandalizi.

Dawa yake haihitaji naitrojeni ya kimiminika, na hili nalisema kwa makusudi kwa wenzangu wa vyuo ambako tanki la naitrojeni hufika likiwa limeshapungua nusu. Weka mililita 3 za isopropanoli yenye BHT asilimia 0.01 kwenye tyubu ya kioo, ipashe moto hadi nyuzi 75, kisha tumbukiza miche mizima humo humo na uiache dakika 15. BHT inazuia asidi za mafuta zenye viungo maradufu zisioze kwa oksijeni. Isopropanoli lazima iwe imeshapata moto kabla mche haujaingia, maana ukianza na ya baridi na kuipasha polepole unavipa vimeng'enya nafasi. Tumia bafu la maji au bloku ya umeme, kamwe usitumie moto wa wazi, na fanyia kwenye kabati la kuvuta hewa.

Kwa protini, kifo cha haraka ni bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ya SDS, sabuni kali inayokunjua protini: SDS asilimia 4, Tris milimola 125 yenye pH 6.8, gliseroli asilimia 20. Iwe na nyuzi 95 tayari. Tumbukiza miche, iponde papo hapo kwa mchi mdogo wa plastiki, irudishe kwenye moto dakika 5. Njia hii hairuhusu kupima kimeng'enya kilicho hai, lakini picha ya oleosini unayopata ni ya mche ulivyokuwa.

Kuvuta mafuta na kuyapima

Kabla ya hatua yoyote ya kuvuta, ongeza kipimo cha ndani: triasiligliseroli ya asidi yenye kaboni 17. Mbegu zenyewe huwa na asidi hiyo kwa kiasi kisichofaa kuhesabiwa. Iwe katika umbo la triasiligliseroli, wala si asidi huru, kwa sababu utakapotenganisha aina za mafuta kwenye bamba la silika unataka kipimo chako kisafiri na kile unachokipima. Kikipotea robo njiani, na mafuta ya mche yamepotea robo, uwiano unabaki palepale.

Baada ya isopropanoli kupoa kidogo, ongeza mililita 1.5 za klorofomu na 0.6 za maji. Tishu ya ufuta ni nene, kwa hiyo iponde sasa kwenye kinu cha kioo, vimeng'enya vimeshakufa. Tikisa kwa saa moja, hamisha majimaji, rudia kuvuta kwa klorofomu na methanoli kwa uwiano wa 2 kwa 1 mpaka tishu iwe nyeupe, unganisha yote, kisha osha kwa mmumunyo wa kloridi ya potasiamu wa mola 1. Tabaka la chini ndilo lenye mafuta. Likaushe kwa mkondo mwepesi wa gesi ya naitrojeni, si kwa feni wala kwa kuacha wazi usiku kucha.

Vyombo viwe vya kioo, vifuniko viwe na kitambaa cha ndani cha tefloni. Klorofomu huyeyusha vilainishi vya plastiki, na vilele vyake huja kukusalimia kwenye kromatogramu, yaani grafu ya mashine ya kromatografia, karibu na vilele vyako. Glavu za naitrili hazihimili klorofomu zaidi ya dakika chache; ukimwagikiwa, zivue mara moja. Klorofomu ikikaa kwenye mwanga hutengeneza fosjini, kwa hiyo itunze kwenye chupa ya kahawia, na taka zake ziende kwenye dumu lake, zisiende sinki.

Bamba la silika linatosha kutenganisha. Mchanganyiko wa heksani, etha ya dietili na asidi asetiki kwa 70:30:1 huipandisha triasiligliseroli juu, asidi huru zikafuata chini yake, diasiligliseroli chini zaidi, na fosfolipidi zikabaki pale ulipodondosha. Nyunyizia primulini asilimia 0.01 iliyoyeyushwa kwenye asetoni na maji, tazama chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365, weka alama kwa penseli. Primulini haiharibu mafuta, tofauti na mvuke wa iodini ambao hushika viungo maradufu na kukupotezea asidi zenye viungo hivyo. Etha nayo hutengeneza peroksidi inayoweza kulipuka. Andika tarehe ya kufungua chupa na usiitumie ikizeeka.

Usilijaze bamba kupita kiasi. Miche 5 ya ufuta siku ya kwanza ina takribani miligramu 7.5 za mafuta. Ongeza miligramu 1 ya kipimo cha ndani mwanzoni, kisha dondosha sehemu moja ya kumi tu. Kwangua bendi, weka kwenye tyubu yenye mililita 1 ya methanoli yenye asidi ya salfa asilimia 2.5 na mililita 0.3 za tolueni. Tolueni si pambo. Triasiligliseroli haiyeyuki vizuri kwenye methanoli peke yake, na bila tolueni sehemu yake hubaki bila kugeuka kuwa esta za methili, umbo linalopimwa. Funga kwa nguvu, nyuzi 80, dakika 90. Poza, ongeza mililita 1 ya heksani na 1.5 za maji ya chumvi asilimia 0.9, tikisa, chukua tabaka la juu uliingize kwenye mashine ya kromatografia ya gesi. Jumla ya vilele vya mche ikiwa mara 7.5 ya kilele cha kaboni 17, una miligramu 7.5, yaani 1.5 kwa kila mche.

Wanaotumia arabidopsisi wana njia ya mkato inayoaminika: asidi ya kaboni 20 yenye kiungo kimoja maradufu ni karibu moja ya tano ya asidi zote za mbegu, na karibu yote imo kwenye triasiligliseroli. Unaweza kugeuza mche mzima bila bamba na kusoma kilele hicho kimoja. Ufuta hauna alama ya namna hiyo. Asidi zake kubwa ni oleiki na linoleiki, ambazo zimo pia kwenye utando, kwa hiyo kuanzia siku ya tatu, utando mpya unapojengwa, bamba halikwepeki.

Oleosini iliyopotea

Kosa linalojirudia kuliko yote kwa walioingia kutoka upande wa protini ni kuponda mbegu kwenye bafa ya kawaida isiyo na SDS, kuzungusha kwenye sentrifuji, kuchukua majimaji safi ya katikati na kutupa mengine. Oleosini haipo katikati. Imepanda juu na vitone, kwenye ile pete nyeupe ya mafuta waliyoifuta kwa karatasi. Weka mstari wa mbegu kavu kwenye kila jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa. Usipoona oleosini nyingi hapo, usisome mistari mingine.

Ukitaka vitone vyenyewe vikiwa safi, tumia tabia hiyohiyo ya kuelea. Ponda mbegu zilizolowa kwenye sukrosi mola 0.6 na fosfeti ya sodiamu milimola 10, pH 7.5, chuja, funika juu kwa bafa yenye sukrosi mola 0.4, zungusha kwa nguvu ya g 10,000 kwa dakika 20, kusanya tabaka la juu. Osha kwa Tween-20 asilimia 0.1, kisha kwa chumvi mola 2, kisha kwa urea mola 9. Uoshaji huo huondoa protini zilizogandia tu, na oleosini zinabaki. Usipashe moto sampuli yenye urea, maana urea hujibandika kwenye protini na kuzibadilisha.

Oleosini ni ndogo. Tumia jeli ya asilimia 15 au ya trisini, na utando wa PVDF (karatasi inayohamishiwa protini kutoka kwenye jeli) wenye matundu ya mikromita 0.2, maana kwenye ule wa 0.45 protini ndogo hupita na kuondoka. Mafuta mengi yakibaki kwenye sampuli hushika SDS na kuipindisha mistari, kwa hiyo osha mashapo ya protini kwa asetoni baridi kwanza.

Kuna mtego wa kupakia jeli ambao sijauona ukielezwa vya kutosha. Mazoea ni kupakia mikrogramu sawa za protini kwenye kila kisima. Kwenye mbegu inayoota, protini za akiba nazo zinavunjwa kwa kasi. Jumla ya protini inashuka, wewe unapakia sehemu kubwa zaidi ya mche kila siku ili mikrogramu zilingane, na oleosini inaonekana imedumu wakati imekwisha. Pakia kwa kipimo cha mche: kwa mfano, moja ya ishirini ya mche kwenye kila kisima, siku zote. Kisha onyesha utando wote ulivyopakwa rangi ya Ponceau S ili msomaji ajionee mwenyewe.

Kuthibitisha kwamba ni proteasomu

Sehemu hii ndiyo inayokula bajeti na moyo. Kizuizi cha proteasomu, MG132, ni ghali na hakiingii vizuri kwenye mche mzima. Andaa akiba ya milimola 10 kwenye kiyeyushi cha DMSO, igawe kwenye tyubu ndogo ndogo, tumia mikromola 50 kwenye majimaji yenye miche, na vuta hewa kwa pampu dakika chache ili dawa ipenye. Tyubu za kulinganisha zipate DMSO kiasi kilekile, hapa asilimia 0.5.

MG132 huzuia pia protease za sisteini, kundi la vimeng'enya vinavyokata protini, na mbegu inayoota imejaa hizo. Oleosini ikibaki baada ya MG132 peke yake, bado hujathibitisha chochote kuhusu proteasomu. Weka tyubu ya E-64, inayozuia protease za sisteini bila kugusa proteasomu, na ikiwezekana nyingine ya bortezomibu, inayolenga proteasomu vizuri zaidi. Oleosini inayobaki kwa MG132 na bortezomibu lakini ikaisha kwa E-64 ina kesi nzito.

Tena, usimwage dawa kwenye mbegu ambayo haijachipua. Ukizuia proteasomu mapema, mbegu haichipui kabisa, na mbegu isiyochipua hubaki na mafuta na oleosini zake zote. Matokeo yatafanana na yale uliyotamani, kwa sababu isiyohusika. Subiri mzizi utoke, kisha toa dawa kwa saa 6 hadi 12, usizidishe.

Kuona ubikwitini yenyewe kunahitaji kuzuia vimeng'enya vinavyoing'oa. Kwenye bafa yoyote isiyochemsha, weka NEM, kizuizi cha vimeng'enya hivyo, milimola 20 iliyotengenezwa siku hiyohiyo kwenye ethanoli. NEM na DTT (kemikali ya kukata viungo vya salfa vya protini) hulana, kwa hiyo DTT isiwemo mwanzoni. Iongeze mwishoni kabisa, milimola 100, baada ya kuwa umeshapima protini kwa njia ya BCA, ambayo nayo huvurugwa na DTT. Njia ya Bradford haitakusaidia hapa, kwa sababu SDS huiharibu. PMSF, kizuizi cha protease, nayo iongezwe dakika ya mwisho. Kwenye maji yenye pH 8 na joto la nyuzi 25 nusu yake huisha ndani ya saa moja. Ukifanikiwa, juu ya bendi ya oleosini utaona ngazi, kila kipandio kikiongeza kilodaltoni 8 na ushei.

Kwa kasi ya kuvunjwa, watu hutumia saikloheksimidi, mikromola 200, ili kusimamisha utengenezaji wa protini mpya, kisha huchukua sampuli saa 0, 1, 2, 4 na 8. Chora logi asilia ya kiasi kilichobaki dhidi ya saa, na nusu-maisha ni 0.693 ugawe kwa mteremko. Isomeke kwa tahadhari: saikloheksimidi inasimamisha pia utengenezaji wa vimeng'enya vinavyofunga ubikwitini, na baadhi yao huishi muda mfupi. Vikiisha, protini yako inaonekana imara kuliko ilivyo. Na ni sumu kwa binadamu pia. Vaa glavu hata unapoosha vyombo.

Jaribio la kuvunja protini kwenye tyubu, kwa majimaji ya mmea na ATP (molekuli ya nishati ya seli) milimola 10 pamoja na magnesiamu milimola 10, ni la bei nafuu na linavutia. Naliona dhaifu kwa kazi hii. Ukiponda mmea unapasua vakuoli, mfuko mkubwa ndani ya seli, na protease zake hukutana na protini ambazo hazingekutana nazo kamwe mche ukiwa hai. Ukilifanya, weka tyubu isiyo na ATP na tyubu yenye MG132. Kama protini inaisha vilevile bila ATP, unatazama vakuoli iliyopasuka.

Pale ambapo RNA haitoshi

Mfano mmoja wa nje ya oleosini unastahili kuwekwa hapa kwa sababu huwapotosha watu wa mafuta. FAD3 ni kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya linoleniki, na joto likishuka asidi hiyo huongezeka. Anayepima RNA ya FAD3, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, peke yake anaweza kuikuta haijabadilika na kuhitimisha kwamba FAD3 haihusiki. Imeonekana kwamba protini yenyewe huvunjwa kwa kasi zaidi kwenye joto, kupitia ubikwitini na proteasomu, na kudumu zaidi kwenye baridi. Jeni za mfumo wa ubikwitini kwenye arabidopsisi ni zaidi ya 1,300, karibu asilimia 5 ya jeni zote, kwa hiyo FAD3 haiwezi kuwa peke yake. Unapoifuata, usiichemshe kwa nyuzi 95 kama oleosini. Protini inayopita utando mara nyingi namna hiyo hugandamana ikichemshwa na kukwama juu ya jeli. Nyuzi 37 hadi 50 kwa dakika 20 zinatosha.

Mpangilio wa pesa

Kama mfuko ni mdogo, anza na sahani zenye sukari na zisizo na sukari, halafu bamba la silika. Hivyo viwili vinakuambia kama kuna jambo la kufuata. Kipimo cha kaboni 17 kinunue mapema. Ni kidogo na hudumu kikitunzwa kwenye baridi kali. Saa za kromatografia ya gesi unaweza kuziomba maabara jirani, kwa kuwa esta za methili hukaa salama kwenye heksani ndani ya friza kwa muda wa kuzisafirisha. Kingamwili ya oleosini, inayoitambua oleosini kwenye utando wa PVDF, ndiyo ya mwisho kununuliwa, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji picha ya jeli ya mbegu uliyo nayo wewe, kwa sababu kingamwili ya arabidopsisi si lazima itambue oleosini ya ufuta. MG132 agiza kiasi cha jaribio moja kubwa, ifike ukiwa na miche mezani.